Kifuu na Mkono Mkavu

Nyinyi wenzangu mliozaliwa visiwani kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watoto, mtanisaidia kukumbuka pale nitakaposahau. Chovae, kisiwa chetu, enzi hizo iliamka na harufu ya mkate wa mofa na ya papa mkavu kwa pamoja, na hakuna aliyeona ajabu. Tukitoka chuoni na mbao zetu za Qurani, wavulana walikimbilia pwani kuogelea, na sisi wasichana tukakaa kivulini kucheza mdako mpaka vidole viote sugu. Mama akiita mara moja hatusikii, akiita mara ya pili tunasikia, na ya tatu hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuingoja. Vijiwe tulivyochezea havikuhitaji chaji.

Mimi nilikuwa na jambo moja la ziada ambalo msichana mwingine kisiwani hakuwa nalo. Nilikuwa na mbwa.

Nimekumbuka hayo kwa sababu ya Athmani, mtoto wa mdogo wangu, ninayekaa naye hapa Kismayo. Juzi kaja nyumbani na kitoto cha mbwa ndani ya boksi la biskuti, na simu mkononi ya kumfundishia. Ndani ya simu kuna mzungu mwenye meno meupe anayeeleza namna ya kumkalisha mbwa, na Athmani anarudia Kizungu kilekile kwa sauti ileile. Mbwa wa Kismayo anamtazama tu. Nikamwambia, baba, huyo mama yake alikuwa akimsemesha Kisomali, wewe unamletea lugha ya tatu kabla hata hajafumbua macho vizuri. Akacheka, akaniambia shangazi, wewe wajua nini mambo ya mbwa.

Najua kidogo. Wangu alikuja kwa mashua. Bibi yangu Mwanamize, mama yake baba, alikuwa na mbuzi, na kila mbuzi alipozaa, kunguru walishuka wakamdonoa mtoto macho kabla hajasimama. Bibi alilia na mbuzi wale kama aliyefiwa. Siku moja baba alivuka kwenda bara kubadilisha papa mkavu kwa samli, akamsimulia mfugaji mmoja wa Kisomali mkasa huo. Mzee yule akainama chini ya kichaka, akatoa kitoto cha mbwa cha rangi ya nazi iliyokomaa, akamwambia, chukua adeer, yaani ami, huyu mama yake hajawahi kupoteza mbuzi.

Vijana wa leo hawajui uzito wa jambo lile. Sisi ni watu wa madhehebu ya Shafi. Mbwa akikulamba, au akikugusa mmoja wenu akiwa na maji mwilini, unaosha mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Sasa fikiria kisiwa ambacho kila mtu tangu alfajiri yumo baharini, au ametoka baharini, au anaparua samaki, na kisima chenyewe kina maji ya kubahatisha. Baba alipomshusha yule mbwa pwani, watu walimpisha njia utadhani kashusha moto.

Maalimu wetu wa chuo aliulizwa. Akasema, akiwa amesimama mbali kidogo, kwamba mbwa wa kulinda mifugo dini haimkatazi. Baadaye tuligundua kwamba kusimama mbali hakukuwa kwa ajili ya dini. Maalimu alikuwa anaogopa mbwa.

Bibi ndiye aliyetoa hukumu ya nyumbani. "Mchu hafugi mbwa kwa kuchezea," aliniambia. Kwetu mtu ni mchu. "Akilinda mbuzi, atakaa. Akishindwa, mashua ya bara imrudishe alikotoka. Na wewe utamgusa kwa mkono mkavu tu, naye awe mkavu. Umesikia?"

Nilisikia. Nikampa jina la Kifuu, kwa rangi yake na kwa sababu chombo chake cha kulia kilikuwa kifuu cha nazi, ambacho hakikuruhusiwa kuvuka ua kuingia ndani. Sikuwahi kufuga hata kuku wangu mwenyewe. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba nikikosea nitampoteza.

Siku za mwanzo, jua likizama, alikuwa analia. Kilio chenyewe chembamba, cha kumtafuta mama. Mimi ndani ya ua na yeye nje, tunalia wote. Baba alisema atazoea. Mama alisema majirani je, nao watazoea? Bibi alikuwa akivuta tasbihi yake, akaiacha katikati, akasema, "Mwana wa mchu naye hulia hivi hivi." Kisha akaendelea kuvuta. Asubuhi nililikuta gunia la Kifuu limesogezwa mpaka ukutani, upande wa jiko, pale ukuta unapokaa na joto la moto wa jioni. Nikamuuliza bibi nani kalisogeza. Akasema upepo. Upepo gani huo unaokunja gunia mara mbili na kulipiga kofi lilainike, sikuuliza.

Tangu hapo Kifuu alilala.

Samaki mkunje angali mbichi, na mimi nilianza kumkunja kwa kijiti cha ukuti. Kwa kuwa mkono wangu ulikuwa na maji nusu ya siku, kijiti ndicho kilikuwa mkono wangu. Nikikielekeza chini, akae. Nikikilaza mchangani, asivuke. Alfajiri kabla ya chuo nilimtangulia mpaka chini kabisa pwani, maji yalipokupwa, ajisaidie huko, na bahari ikijaa ioshe yenyewe. Alijifunza hilo upesi kuliko ndugu yangu wa mwisho, na mama alimkumbusha ndugu yangu jambo hilo mpaka siku alipooa.

Kumwita ndipo nilipojiona fundi. Nilikuwa na kopo tupu la maziwa ya unga. Nikilipiga, Kifuu huja mbio, hukaa mbele yangu, hunyamaza, na hupata kichwa cha samaki. Vidole vyangu vilichagua mpigo bila kuniuliza: ti-ti-tam, ti-ti-tam. Alipokuwa upande wa pili wa kisiwa na mbuzi, nilipiga kopo naye akatokea vichakani masikio yamelala kwa kasi. Watoto wenzangu walikuja kutazama. Nilivimba kichwa.

Na kazi aliifanya. Mbuzi wa kwanza kuzaa baada yake, kunguru walikuja kama kawaida yao, na Kifuu, ambaye miguu yenyewe ilikuwa bado inamzidi, aliwafukuza akizunguka mama na mwanawe mpaka mchana ukaisha. Bibi alimtupia kichwa kizima cha samaki changu. Kichwa cha changu bibi hakuwa anampa hata baba.

Basi ikafika mfungo sita, mwezi wa maulidi. Mnakumbuka maulidi ya kwetu? Mikeka mipya inatandikwa mbele ya msikiti baada ya alasiri, ubani unafukizwa, wanaume wamevaa kanzu zilizopigwa pasi ya makaa, sisi na mama zetu upande wa pili nyuma ya pazia la matanga ya mashua, na harufu ya pilau inatoka majikoni inamfanya mtu aone kila kasida ni ndefu. Nilikuwa nimeketi nimejipaka hina. Wapigaji wakapasha matari yao motoni, wakakaa mstari mmoja, wakaanza.

Ti-ti-tam. Ti-ti-tam.

Mpigo ule sikuubuni mimi. Niliuchukua maulidini, kwa sababu mtoto wa Chovae akipewa kopo hajui mpigo mwingine.

Kifuu alikuwa pwani. Mbwa hafi maji akiona ufuko, wanasema wahenga, na huyu alikuwa akiogelea siku nzima kuthibitisha hilo. Akatoka majini, akapita kati ya kanzu nyeupe, juu ya mikeka mipya, akafika mbele ya mpigaji mkubwa, akakaa vizuri nilivyomfundisha, akanyamaza, akamtazama machoni akingoja kichwa cha samaki. Mpigaji kwa mshangao akaendelea kupiga. Na kwa kuwa samaki hakutoka, Kifuu akajikung'uta maji.

Sitaeleza yote. Watu waliruka. Maalimu, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, alionekana juu ya ukuta wa msikiti, na hakuna aliyejua kapandaje. Mikeka ikaburutwa baharini, kanzu zikavuliwa, na jioni ile pwani nzima ilikuwa ikisugua kwa udongo na kuhesabu mpaka saba. Pilau ililiwa imepoa.

Asubuhi wazee walikuja barazani kwetu. Baba aliomba radhi, nao walimjibu kwa upole, maana hawakuwa watu wabaya. Lakini walisema mbwa arudi bara na mashua itakayoondoka kwanza. Nilikuwa nyuma ya mlango nimeshika leso ya bibi, nikauma ukingo wake nisisikike. Bibi akasafisha koo, akazungumza kupitia pazia la mlango.

"Maalimu," alisema, "mbwa ameitwa, akaja. Amefika, akakaa. Amekaa, akanyamaza. Chuoni kwako wana wangapi hufanya hivyo?"

Nadhani kila mzee alikuwa anamfikiria mjukuu wake. Aliyecheka wa kwanza alikuwa maalimu mwenyewe, akacheka mpaka akakohoa, na wengine wakafuata. Wakakubaliana hivi: Kifuu abaki mpaka maulidi mengine. Matari yakilia tena naye akaja, ataondoka, na bibi hatasema neno.

Kama hujapata kumfundisha mbwa kusahau, usimlaumu mtu. Kufundisha ni kazi, kufundua ni adhabu. Kopo nililizika mchangani. Bibi alisema Mungu kakupa mdomo, mwite kwa jina lake, nami nikamwita mpaka sauti ikakauka. Mama akigonga sufuria, Kifuu huyo. Seremala wa mashua akigonga msumari, Kifuu huyo, kakaa mbele yake anangoja samaki. Kila alipokwenda kwa mpigo hakupata kitu, na kila alipokuja kwa jina lake, au alipotii kijiti na kukaa, alipata. Mwaka mzima nilikwenda hivyo, na hofu yangu haikupungua hata siku moja.

Maulidi yalipofika sikutaka kwenda. Nilikaa nje ya ua karibu na mbuzi, kijiti mkononi, Kifuu amelala mchangani. Mara nikamwona bibi anatoka ndani. Nilijua anakwenda kukaa na wenzake nyuma ya pazia, maana tangu awe mwari hakukosa maulidi. Akaja, akakunja leso, akaketi kando yangu. Nikamwambia, bibi, maulidi yanaanza. Akasema nayasikia hapahapa.

Matari yakalia. Kifuu akainua masikio, akasimama, mkia umetulia. Akatazama upande wa msikiti, akanitazama mimi. Nilitaka kuinua kijiti, nikachelewa. Akapiga hatua.

"Kifuu," bibi alisema taratibu. "Kaa."

Alisimama kidogo. Kisha akageuka, akaja, akakaa mbele ya bibi. Kule msikitini walikuwa wanaimba. Bibi alikuwa ametoka kutawadha, na mikono yake ilikuwa bado na maji. Akaifuta kwa upindo wa leso, kiganja na kila kidole, akaigeuza mbele na nyuma kuitazama kama imekauka, akaifuta tena. Halafu akauweka mkono juu ya kichwa cha Kifuu, akauacha pale mpaka kasida ikaisha.

Sikumwona akimgusa tena. Wala hakuhitaji. Kifuu alizeeka akiwa na mbuzi wake, na bibi alipofariki alikaa nje ya ua siku zote za matanga, hakuingia, kwa sababu kijiti kilimwambia asivuke.

Leo visiwani watu wamepungua, vurugu zilitutawanya kila upande, na mimi ni mtu wa mjini nanunua mofa kwa mwingine. Athmani kambusu mbwa wake mdomoni kwa ajili ya picha, na picha ikapendwa na watu asiowajua. Simlaumu, ana moyo mzuri. Lakini jana jioni marafiki walimwita, akatoka na simu yake, na mwalimu wa Kizungu akatoka naye. Kilichobaki uani ni boksi la biskuti na kile kilio chembamba ninachokijua.

Niliacha vyombo. Nikatafuta gunia, nikalikunja mara mbili, nikalisogeza ukutani upande wa jiko. Athmani akiniuliza nani kaliweka, nitamwambia upepo. Kisha nikachutama mbele ya kile kitoto, na kabla sijajua ninafanya nini nilijikuta nafuta mkono kwa upindo wa leso, kiganja na kila kidole, nikautazama kama umekauka.