Seng'enge Nyuma ya Lindi

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mhadhiri mchanga, nikikaa Kawangware, upande wa Satellite, katika nyumba ya mawe yenye maji ya bomba. Dada yangu mkubwa, aliyenilea tangu mama yetu afariki kule kwetu magharibi mwa nchi, alikuwa amepanga chumba katika kijiji cha Lindi, mtaani Kibera. Aliwapikia mafundi na vibarua githeri, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na kuni zake alizitoa msituni, ng'ambo ya mto.

Chuo chetu kilikuwa kikiandaa shahada ya uzamili ya kimataifa katika usimamizi wa maliasili. Wanafunzi wangetoka nchi jirani na Ulaya. Mimi nilipewa kazi ya kutafuta mahali pa mafunzo ya vitendo. Wahadhiri wageni tulioshirikiana nao walitaka msitu ulio karibu na mji, nami nikawapeleka pale nyuma ya Lindi. Wakapapenda. Seng'enge ikapigwa, askari wa msitu wakaongezwa. Nilijua dada hupita palepale. Nikajiambia atapata njia nyingine, na kila Jumapili nilipokwenda kula kwake sikuligusia jambo hilo.

Asubuhi moja nilifika na wageni wawili kupima miti. Kando ya kibanda cha askari, kina mama kadhaa walikuwa wameketi chini na mizigo yao ya kuni. Dada yangu alikuwa kati yao, amekaa bega kwa bega na mama mmoja Mnubi wa Makina, kijiji jirani.

"Mwalimu," askari akaniambia kwa furaha, "hawa ndio wanaotuharibia msitu wa wanafunzi wako."

Dada alinitazama mara moja tu, kisha akageuza uso kama mtu asiyenijua. Alikuwa akiilinda kazi yangu.

"Huyo ni dada yangu," nikasema.

"Aa! Si angesema? Mama, simama, enda nyumbani."

Dada hakusimama. "Na hawa?"

"Hawa wanaenda kortini."

"Basi twende sote."

Niliinama nikamsihi kwa lugha ya kwetu. Akanijibu polepole, "Usinitoe peke yangu kama mbuzi wako. Tulikuja pamoja."

Nilimwomba askari awaachilie wote. Alisema ana amri, na amri yenyewe imetokana na mradi wetu. Lori likaja, wakapandishwa. Wageni walikuwa wakinisubiri na kamba ya kupimia. Nikaishika. Nilipima miti mpaka adhuhuri.

Hakimu aliwaonya, akawaachilia kesho yake. Ndipo nikasikia kwamba yule mama wa Makina alikuwa amemwacha mtoto anayenyonya kwa jirani, na mtoto alilia usiku kucha.

Katika mkutano uliofuata wa kupanga masomo, niliomba kina mama waruhusiwe kuokota kuni kavu, na wanafunzi wajifunze kupanga matumizi hayo pamoja nao. Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Walikubali kabla chai haijapoa. Kiongozi wa wageni aliuliza tu kwa nini sikusema tangu mwanzo.

Jioni ile nilikwenda Lindi kumwambia dada. Alifurahi kwa ajili ya wenzake, akaenda mlango kwa mlango kuwaambia, kisha akarudi kunipakulia chakula, sahani ikajaa pomoni. Afadhali angenigombeza.