Magunia Manne ya Mama

Maganda ya matoke yanapoanza kuoza hutoa harufu ambayo watu wengi huikimbia. Mimi huisogelea. Hunikumbusha mama yangu, na uongo wangu mbaya kuliko wote.

Tulikaa katika nyumba za polisi Nsambya, baba akiwa askari. Uani mama aliweka magunia manne ya udongo alioutengeneza mwenyewe kwa miaka: maganda, majani, jivu kidogo, samadi ya mbuzi iliyokwisha kuiva. "Haba na haba," alisema kila aliponituma kwa majirani kuomba maganda, nami nikiona haya hata mbele ya kuku wao. Lakini mchicha wake! Hata wake za maafande wakubwa walikuja kuuomba.

Baba akapata uhamisho kwenda Nakawa. Siku ya lori majirani walicheka. "Mama Akello, mpaka udongo iko na safari?" Nilikuwa na miaka kumi, nikatamani ardhi inimeze. Mama akatangulia na mtoto mchanga, akaniachia kusimamia upakiaji. Nikamwambia dereva, "Mama amesema hiyo magunia ibaki."

Kule Nakawa uani palikuwa na changarawe tupu, jembe likigonga linaruka. Mama alilizunguka lori mara mbili akitafuta magunia yake. Dereva akaeleza alichoambiwa, nami nikatazama miguu yangu. Njia ya mwongo ni fupi. Mama akaketi juu ya godoro, akanipa mgongo. Heri angenichapa.

Kesho yake tulirudi Nsambya, mimi na yeye. Nilimwomba Mungu waliohamia nyumba yetu wasiwe wameumwaga udongo mtaroni. Tukamkuta mke wa askari mpya, Mkenya mmoja mcheshi. Magunia yalikuwa palepale, yamelowa.

"Udongo kama hii hakuna mtu anaacha," alisema. "Nikajua mwenyewe atarudi. Nikamwagia maji."

Nililia kwa furaha, machozi na kamasi pamoja. Mama alicheka, akamwachia gunia moja.

Baadaye sana ndipo nilipoelewa. Tangu aolewe, mama alikuwa amehamishwa mara tano, na kila mahali alilima kiwanja cha serikali akakiacha. Udongo ule tu ndio uliokuwa wake. Leo ndoo zangu tatu za udongo huo ziko kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga. Nikihama, ndoo hizo hupanda lori kabla ya kitanda, na simwachii mtoto yeyote kazi ya kusimamia.