Walioandikwa Hajambo

Siku yangu ya kwanza kama mkaguzi, Bwana Afya wa Wilaya alinikabidhi kalamu nyekundu, akanionya kwamba sikuajiriwa kutibu mtu. Nilikuwa nawakagua wahudumu wanaofuatilia waliokaribiana na wagonjwa. Akipatikana mgonjwa wa kipindupindu, mhudumu huandika kila aliyekula naye, aliyelala naye nyumba moja au aliyemuuguza, kisha huwatembelea siku tano mfululizo. Mimi nilipima wangapi wametembelewa, na kama mgonjwa mpya alikuwa tayari kwenye orodha.

Wakimbizi wa Burundi walipofurika Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa, nilipelekwa huko kwa boti. Mhudumu wa pale alikuwa Ezekieli, Muha mpole mwenye mwandiko wa kupendeza. Daftari lake halikuwa na pengo. Kila jina, kila siku: hajambo. Nikampa alama zote na kujivuna kana kwamba nimeliandika mimi.

Kesho yake akafa kwa kipindupindu Mama Konsolata, mkimbizi aliyekuwa akimuuguza mumewe mwenye ugonjwa huohuo. Daftarini, asubuhi iliyotangulia, alikuwa hajambo. Nikamwuliza Ezekieli alimwonaje.

“Nilibisha hodi, Mkuu, nikasema hamjambo. Akajibu humo ndani, hatujambo.”

“Hukumwuliza kama anaharisha?”

“Yule ni sawa na mama yangu. Nitamwulizaje habari za choo mbele ya wanawe?”

Kwetu hata mahututi hujibu sijambo kwanza, ndiyo adabu, kisha ndipo aseme, ila tumbo linanisumbua. Ezekieli hakuingoja ile “ila”. Nami nilihesabu ziara tu, sikuuliza walichoulizana.

Bwana Afya alipotaka kujua kosa ni la nani, nikasema la mhudumu. Ezekieli akaondolewa kazini. Kwamba daftari lile nililipitisha mwenyewe, jambo hilo sikulitia kwenye ripoti.

Baada ya hapo nilikuwa naingia nyumba kwa nyumba, nikiwauliza wenyewe waliulizwa nini. Nikasifiwa, nikapandishwa cheo, nikafundisha wengine mpaka nikastaafu.

Sasa naishi Bangwe. Vijana wa afya hunijia, shikamoo Mzee, tufundishe ukaguzi. Nawaambia wasihesabu hodi, wahesabu maswali. Wanaandika. Jina la Ezekieli silitaji, maana wangeuliza aliishia wapi, na mimi sijui. Ninachojua ni kwamba alikuja ofisini mara mbili kuniomba nimtetee, na mara zote mbili niliagiza aambiwe nimesafiri.