Saa Nane ya Mwalimu

Kuna watu wakitamka tu neno "fundi" unajua wameshakudharau. Mwalimu wa TEHAMA wa ile shule ya masista, hapa hapa Songea, alikuwa bingwa wa hilo. "Fundi umefika?" "Fundi, usikanyage waya." Mimi siyo fundi. Mimi naandika programu za kompyuta. Sikusomea popote, nilijifunza mwenyewe kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nikinunua bando badala ya chapati. Kidato cha nne nilipata ziro na sioni aibu kusema, maana kompyuta yenyewe inaanza kuhesabu na ziro.

Ila pale shuleni sikwenda kwa ajili ya mwalimu. Nilikwenda kwa ajili ya kaka. Siyo kaka wa tumbo moja, ni wa mtaa mmoja kule Mshangano, na kwangu hiyo ni zaidi ya tumbo. Alikuwa mtunza stoo wa shule. Matokeo yangu yalipotoka na kila mtu nyumbani akanigeuka, yeye alinipa kiti stoo, katikati ya magunia ya maharage, mbele ya kompyuta moja kuukuu. Akasema, "Kaa hapo, bonyeza chochote, hakiwezi kulipuka." Mtu aliyekwambia hivyo siku hiyo huwezi kumwacha akichezewa.

Kwenye kompyuta hiyo kaka alikuwa ameandika programu yake ya kupiga kengele. Kabla ya hapo kengele ya shule ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, na wa zamu akisinzia, shule nzima inasinzia. Kaka akatengeneza orodha ya saa za kengele, na saa ikifika mlio unatoka kwenye spika za honi zilizofungwa juu ya bwalo. Ilikuwa inasikika mpaka kwa majirani, na majirani walikuwa wanapikia kwa kengele hiyo.

Sasa, ajabu ya programu ile ni saa zake. Kaka alirudisha saa ya kompyuta nyuma kwa saa sita, makusudi. Ikifika saa mbili asubuhi, kompyuta inasema mbili. Saa saba mchana, inasema saba. Kwani kuna ubaya gani? Ukimwuliza kuhusu AM na PM anakujibu bila kucheka: "AM ni Asubuhi na Mchana. PM ni Popo na Mbalamwezi." Na siku mpya kwenye kompyuta yake ilikuwa haianzi usiku wa manane kama mwizi. Ilikuwa inaanza saa kumi na mbili asubuhi, watu wanapiga mswaki. Niambie ni nani mwenye akili hapo.

Halafu zikaja kompyuta za msaada, na pamoja nazo akaja huyo mwalimu, kahamia kutoka mkoa mwingine, ana digrii, ana kompyuta yake binafsi ya Mac anaibeba kifuani kama mtoto mchanga. Zile kompyuta za msaada zilikuwa zinaendeshwa na Linux, siyo Windows. Programu ya kaka iliandikwa kwa lugha ya zamani ya Windows, kwa hiyo huko haikufunguka kabisa. Na saa za kompyuta hizo zinajirekebisha zenyewe kwa mtandao: ukizirudisha nyuma, baada ya muda kidogo zinasogea tena mbele. Mwalimu akaenda kwa Sista mkuu wa shule akasema takataka ile itupwe, inunuliwe programu ya dukani ambayo yeye mwenyewe ataisimamia, na mtunza stoo arudi kwenye maharage.

Tatizo ni kwamba kazi ya maharage peke yake haikutosha kumbakiza shuleni. Kaka alikuwa amepewa nyumba ya shule, anakaa na mke na watoto, kwa sababu ya kengele na kompyuta. Stoo angeweza kukabidhiwa mtu yeyote. Kaka akaniita nije kumsaidia, na Sista akatuita wote wawili ofisini.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele na milele, amina. Kaeni." Akamtazama kaka. "Programu yako ikifanya kazi kwenye mashine zote, za ofisini, za maabara na ya mwalimu, unabaki. Isipofanya, sitaweza kukutetea kwenye bodi."

Kaka akanitazama mimi. Nikasema, "Itafanya." Hata sikujua nitaanzia wapi.

Nilianzia kwenye fremuweki. Ni kama mifupa ya programu. Watu wa dunia nzima wameichonga na kuiacha wazi, unachukua bure, unavisha nyama yako. Uzuri wake, unaandika mara moja, halafu unaijenga kwa ajili ya Windows, unaijenga kwa Linux, unaijenga kwa Mac. Ndivyo wanavyosema. Wanaosema hivyo nawatafuta mpaka leo.

Kwenye Windows ilikubali. Kwenye Linux dirisha likafunguka, saa ikafika, kimya. Hakuna mlio. Nikazunguka maabara nikitukana waya, kumbe kaka alikuwa amelipatia faili la mlio jina lenye herufi kubwa mwanzoni, na kwenye orodha kaandika herufi ndogo. Windows haijali. Linux inajali kama mke wa mchungaji. Nikarekebisha. Halafu vitufe. Nilikuwa nimeweka viwili, Mchana na Usiku, kwa heshima ya kaka, ili saa zibaki za Kiswahili kama alivyozitaka. Programu yenyewe ikawa inasoma saa halali ya mashine na kutoa sita. Kwenye Linux herufi zilitokea nene, kitufe kikakatwa, kikasomeka "Mcha".

Mwalimu akapita nyuma yangu. "Mcha? Mcha Mungu? Naona fundi umeokoka."

Wanafunzi wote wa maabara wakacheka. Kilichoniuma ni kwamba ilichekesha.

Lakini vita yenyewe ilikuwa Mac. Huwezi kuijenga programu ya Mac kwa pembeni, lazima uikalie Mac yenyewe, na Mac ilikuwa moja tu shule nzima. Nikaenda mezani kwake, nikakunja shingo, nikaomba.

"Unajua bei ya hii?"

"Sijaja kuinunua, mwalimu. Naomba kuona kama kitufe kinaonekana."

"Na ukiniwekea virusi?"

"Virusi wanachagua mtu."

Akaifungua, lakini akasimama juu ya bega langu muda wote. "Usiguse hapo. Hapo pia usiguse. Hiyo ni picha ya familia, funga." Nilikuwa nanuka jasho la hasira. Kila nikibonyeza, Mac inauliza kama kweli ninaiamini programu hii, na yeye anaitikia kwa sauti, "Swali zuri." Mwishowe ikafunguka. Saa ikatokea sahihi, vitufe vikatokea vizima, mlio ukatoka. Mashine za aina zote tatu. Nilimkimbilia kaka stoo, tukashikana mabega kama wachezaji waliofunga goli. Mkewe akatuletea chai pale pale kwenye magunia.

Wiki ile ile ukaanza mtihani wa ndani wa kidato cha nne. Mwalimu akasema kengele za mtihani ataziingiza mwenyewe, maana ni jambo nyeti. Kaka akamwachia. Asubuhi wanafunzi wakapanga mstari nje ya bwalo, na kalamu zao, na ule ubaridi wa Juni unaoingia mpaka kwenye meno. Wasimamizi wanasubiri kengele. Kengele haipigi. Watu wanatazamana. Mpaka sista mmoja akaenda akachukua chuma akagonga ile rimu ya zamani. Wakaanza wamechelewa, wamechafukwa. Halafu mchana, saa nane kamili, watoto wameinama kwenye karatasi ya pili, honi zikalia kwa nguvu zote kutangaza kwamba mtihani wa asubuhi unaanza.

Tukaitwa tena kwa Sista. Mwalimu alikuwa ameshafika, amekaa.

"Nilisema, Sista. Programu ya stoo. Imeharibu mtihani."

"Nani ameingiza kengele?" Sista akauliza.

"Mimi. Ratiba ukutani imeandikwa 8:00, nikaandika 8:00."

"Na ukachagua Mchana!" Nilikuwa nimesimama tayari. "Saa nane mchana, mwalimu, watu wanashiba. Au kwenu saa nane mchana ndiyo jua linachomoza?"

"Kijana, kwetu usikuguse."

"Basi na wewe usiguse kengele ya watu."

"Nyie," akasema Sista, taratibu.

Mwalimu hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililonimaliza. Akasema, "Sista, masomo hapa tunafundisha kwa Kiingereza. Ratiba ya ukutani ni ya Kiingereza. Mwalimu gani atasimama mbele ya hiyo mashine aanze kujumlisha na kutoa sita kichwani? Leo nimekosea mimi. Kesho atakosea mwingine. Na kama ni lazima aongozwe na mtu wa stoo, basi hatuna programu, tuna mtu wa stoo."

Mimi nikikosa jibu napandisha sauti. Nikamwita mtumwa wa saa za wazungu. Nikamwambia digrii yake imemfundisha kila kitu isipokuwa kusoma neno Mchana. Nikamwambia na mengine ambayo hayaandikiki, chini ya msalaba mkubwa, mbele ya sista. Sista akafumba macho. Nikaona kabisa kwamba kila neno langu linampeleka kaka karibu na mlango, lakini mdomo ulishawaka.

Kaka akanyoosha mkono juu, kama mwanafunzi.

"Sista, itabadilishwa. Zitakuwa saa za ratiba ya ukutani. Leo leo."

"Kwenye mashine zote?"

"Zote."

"Basi mkaifanye," akasema Sista. "Wewe unabaki. Huyu mdogo wako amalize kazi, halafu apumzike kuja."

Nilitoka nje sioni mbele. Stoo nilimgeukia kaka kwa ukali ambao sijawahi kumtolea. "Umenivua nguo mbele ya yule bwege!"

"Wewe nguo unazo. Mimi nilikuwa navuliwa nyumba."

"Ungeniacha ningemshinda."

"Ungemshinda, halafu? Yeye angebaki na mimi ningeondoka. Unapigana vizuri, mdogo wangu. Tatizo unapigana wakati wewe hukai hapa."

"Lakini zile saa ni zako! Umekaa nazo miaka. Ndiyo programu yenyewe hiyo."

"Programu ni ya nani?"

Nikapiga teke gunia la maharage.

"Nakuuliza. Ni ya nani?"

"Yako."

"Basi badilisha."

Kazi yenyewe ilikuwa ya aibu kwa udogo wake. Ile sita nilikuwa nimeiweka sehemu moja tu, nilijisifu sana wakati naiandika kwamba nimeiweka sehemu moja tu. Nikaifuta. Vitufe vya Mchana na Usiku nikavitoa. Orodha ya kengele nikaihamisha, mbili ikawa nane, saba ikawa kumi na tatu. Kumi na tatu! Nani amewahi kula chakula saa kumi na tatu? Kaka alikuwa ananisomea, mimi naandika, na kila namba naibonyeza kama naua mende. Nikaijenga upya ya Windows, nikaijenga ya Linux. Ya Mac nilikataa kwenda. Kaka akaibeba flashi mwenyewe kwa mwalimu, akafuata hatua nilizomwelekeza, akarudi akasema imekubali.

"Amesemaje?"

"Amesema asante."

"Amekuita fundi?"

"Ameniita kaka," akajibu, na sikujua nimchukie nani sasa.

Kesho yake mchana, baada ya kuhakikisha kengele zote zinalia, tukaenda kwake, nyuma ya mabweni. Pazia la mlangoni ni lile lile la siku zote, watoto wamelala mkekani wanapigania rimoti. Honi zikalia za chakula. Mkewe akainua uso kutoka kwenye sufuria akasema, "Eh, saa saba tayari," akaanza kupakua ugali na dagaa wa Nyasa. Kaka akaniletea maji ya kunawa.

"Sina njaa," nikamwambia. "Nina hasira."

"Nawa nazo hivyo hivyo."

Nikanawa. Yule mwalimu simsalimii mpaka leo, tukikutana sokoni napita kama napita nguzo. Kaka anajua, na hajawahi kunilazimisha.