Moto wa Ziwani

Cha kwanza unachokiona kwa Khadne ni kiganja chake cheusi. Kila wanapohama, wanawake wenzake huzima moto wa hema kwa maji, wakaondoka. Yeye hapandi sleji yake, gari lisilo na magurudumu linalokokotwa na kulungu wa kufugwa, mpaka autie mkono mtupu jivuni, kisha auinue watu waone kwamba moto umezimika.

"Angefanya hivyo mama yake, tungekuwa na malisho," hutania Ilko, jirani yao. Watu hucheka. Khadne hujifuta, akapanda.

Moto wa hema ni jukumu la mwanamke. Kiangazi kile nyika ilipoungua, ukateketea ukoga mweupe uotao ardhini ambao kulungu wao hula wakati wa theluji, Ilko aliapa kikaoni kwamba moshi ulianzia mahali alipohama mama yake Khadne. Tangu hapo hakuna hema lililomruhusu yule mama kutia hata ukuni motoni. Alikufa akimiminiwa chai kama mgeni.

Nyasi zimeota tena. Ukipita huoni palipoungua. Lakini Sevne, binti wa kaka yake Khadne, kazi yake mjini ni kutafuta makovu ya mioto ya zamani katika picha za setilaiti. Khadne alimtajia kiangazi kile. Jana Sevne alikuja na picha mbili.

"Tazama, shangazi. Hapa moto ndiyo kwanza unaanza: doa dogo jeusi kando ya ziwa. Hii ya baadaye, doa limekula nyika yote upande huu wa mto. Na alipopiga hema bibi ni huku, ng'ambo ya mto. Kijani kitupu."

"Ziwani alikuwa nani?"

"Mimi nitajuaje? Setilaiti haisomi majina."

Khadne hakuhitaji kusomewa. Hadi leo Ilko hujisifu jinsi alivyowasha moto wa moshi pale ziwani kiangazi kile kufukuzia mbu, asipoteze hata ndama mmoja.

"Nimwite nimwoneshe?" akauliza Sevne.

"Thubutu! Kesho ni sikukuu ya wafugaji, utazitundika picha hizi mbele ya wote. Ila kwanza nitamwomba atusimulie habari za ule moshi wake. Anapenda sana kusimulia."

"Shangazi, una roho mbaya!"

"Nimeilea tangu mama afe. Imenenepa."

Asubuhi hii ya sikukuu Khadne ametandika ngozi laini kuliko zote mbele kabisa, mahali pa mgeni wa heshima. Chai inachemka. Mbwa wanabweka, sleji ya Ilko inateremka kilimani, naye mwenyewe anaimba. Khadne anapangusa kikombe cha marehemu mama yake, anakijaza chai mpaka ukingoni, anakaa kumsubiri.