Kamba ya Kichwani ya Wattie Geddes

Mkono wa kulia wa Murdo Kinnear haukupenda kuonekana. Kanisani ulikaa mfukoni, kwenye mnada wa kondoo mfukoni, jukwaani akiomba kura mfukoni, na ikibidi utoke basi ulitoka umevaa glovu nyeusi, iwe theluji, iwe jua. Balfinnan ni mji mdogo wa bondeni huko Uskoti, na mji mdogo humsamehe mtu ulevi, ubahili, hata kusinzia kwenye mahubiri, lakini haumsamehe anayeficha kitu. Netta Geddes ndiye aliyekuwa mbele ya wasiosamehe.

"Baridi yabisi," Murdo alizoea kusema akiulizwa.

"Baridi yabisi gani hiyo ya mkono mmoja?" Netta angesema akishapita. "Huyo ana lake jambo."

Alimjua tangu utotoni. Murdo alikuwa mtoto wa fundi viatu, akaanza kazi redioni kwa kusoma bei za kondoo kabla ya chakula cha mchana, kwa sauti tamu hivi kwamba wanawake waliacha viazi vikaungua. Baadaye akapewa kipindi cha Alhamisi cha visa vya bondeni, na hapo ndipo chuki ilipoanza, maana visa vilikuwa vya majirani. "Ukikohoa mbele ya Murdo Jumatatu," watu walisema, "Alhamisi nchi nzima inakupa pole." Mwisho wa juma alivaa magwanda ya jeshi la akiba, akawa kapteni wa vijana wa bonde, na Wattie, mume wa Netta, alikuwa mmoja wao. Kisha akawa diwani. Kisha mwandishi wa vitabu. Sasa kichwa kimejaa mvi, anataka ubunge. Mtu mwenye kazi nyingi namna hiyo, Netta aliona, kuna jambo moja analolikimbia.

Na jambo lenyewe alidhani analijua. Kiangazi kimoja wakiwa kambini, lori la kikosi lilitoka darajani likatumbukia mtoni. Wattie alirudishwa nyumbani nyonga imevunjika, akachechemea hadi kufa kwake. Murdo aliwaambia wakubwa kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, akavuliwa ukapteni, akaliacha jeshi, na mji ukapata mzaha wa kudumu: mpe Murdo maikrofoni, usimpe usukani. Glovu ilianza mwaka huohuo. Netta hakuhitaji kufafanuliwa. Mkono ulioshika usukani ukiwa umelewa, mwenyewe hawezi hata kuutazama.

"Alikuwa amelewa, sivyo?" alimuuliza mumewe. "Sema tu, Wattie. Mimi si polisi."

Wattie, ambaye mguu mbovu haukumzuia kuendelea kuendesha basi la shule, aligeuza uso dirishani.

"Liache, Netta."

Aliliacha mdomoni, moyoni hakuliacha. Kila Murdo alipotoa kitabu, Netta alikiazima kwenye gari la maktaba akalitafuta lile lori. Alikuta mbwa wa wachungaji, alikuta walevi wa mnadani, alikuta hata harusi ya shangazi yake mwenyewe, tena bila ruhusa. Lori hakulikuta. Mtu anayeitangaza harusi ya shangazi yako, kwa nini lori lake asilitangaze? Netta alirudisha kila kitabu akiwa na hakika zaidi kuliko alipokiazima.

Wattie alipougua, Murdo akaanza kuja kila Jumamosi. Aliingia chumbani, akafunga mlango. Netta akiwa jikoni alisikia minong'ono, mara kicheko, mara kimya. Akiingia na chai wanaanza kuzungumzia mvua. Mvua! Katika bonde ambalo hunyesha kila siku ya Mungu! Alihisi yeye ndiye mgeni nyumbani kwake, na hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema.

Siku za mwisho Wattie alimwita. "Kamba ya kichwani," alisema, "mpe Murdo."

Bondeni mwao jeneza hushushwa kwa kamba nane, na kila kamba ina mwenyewe. Familia ndiyo inayochagua, na ile ya kichwani hupewa mwana wa kwanza, au ndugu, mtu wa damu. Netta na Wattie hawakujaliwa watoto, lakini Wattie alikuwa na binamu tele. Basi lake lilibeba watoto wa vizazi viwili. Siku ya kuzikwa kwake bonde zima lingepanda kilimani, na bonde zima lingeona ni nani amesimama kichwani. Na uchaguzi ulikuwa umekaribia.

Ahaa, Netta alijiambia. Kumbe Jumamosi zote hizo alikuwa anamchota akili mgonjwa.

Aliazimia kumnyima. Lakini Wattie alipofariki, kabla hata chai ya rambirambi haijapoa, Murdo alikuwa mlangoni, kofia mkononi, mkono wa kushoto bila shaka.

"Pole, Netta. Nimekuja na ombi."

"Nalijua ombi lako."

"Sidhani. Wattie aliniambia habari ya kamba. Nakuomba usinipe."

Netta alimtazama juu hadi chini. Mwanasiasa akiomba, unajua anachotaka. Akikataa, hapo ndipo pa kuogopa.

"Kwa nini?"

"Sina sababu ya kukupa."

"Una sababu, hutaki kuitoa. Unaogopa kusimama juu ya mtu uliyemvunja nyonga, siku nne kabla ya kura. Basi utaishika. Utasimama pale, kila mtu akuone."

"Netta, tafadhali..."

"Kichwani, Murdo. Au uje uwaambie watu kwamba umekataa kumshusha marehemu."

Hakuna tusi kubwa kuliko hilo kwao. Murdo alivaa kofia yake. "Haya," alisema. "Nitakuja."

Zamani wanawake walibaki nyumbani wakikata mikate, wanaume ndio waliokwenda makaburini. Netta alisema mikate itajikata. Alisimama karibu na shimo, upepo ukimpiga, na jambo la kwanza aliloliona langoni ni mwanamke wa makamo mwenye kamera shingoni, mwandishi wa gazeti la wilaya. Nani kamwita kama si Murdo? Netta aliuma meno.

Msimamizi wa mazishi alisoma majina. Murdo alisimama kichwani. Miguuni alisimama Eck Lorimer, mzee mnene aliyekuwa kikosini pamoja na Murdo na Wattie. Wengine sita wakajipanga pembeni, mbao zilizobeba jeneza juu ya shimo zikaondolewa, uzito ukaja mikononi.

Netta alikuwa hamtazami mwingine. Alimwona Murdo ameshika kwa kushoto, kamba ameizungusha kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Wattie alikuwa mtu mzito. Kamba ikaanza kuteleza, ikaivuta glovu, ikaivua, na jeneza likainama upande wa kichwa, likagonga udongo. Umati ukaguna. Kamera ililia langoni.

Mkono ulikuwa wazi. Vidole vitatu vilikuwa vimekufa, vimejikunja kuelekea kiganjani, na juu yake kovu pana lililokatiza hadi kwenye kifundo. Mkono ule usingeweza kushika hata kijiko.

Netta hakufikiri. Aliruka mbele akaidaka kamba, mwanamke, mbele ya mchungaji na wazee wote, akaivuta pamoja na Murdo mpaka jeneza likakaa sawa. Wakamshusha Wattie polepole, mabega yao yakigusana. Murdo alikuwa akilia bila sauti.

Wakishuka kilima, Netta alimshika Eck Lorimer mkono wa koti.

"Eck. Ule mkono."

"Mlango wa lori ulimminya, akimvuta Wattie kutoka kwenye kiti."

"Kiti gani?"

Eck alitazama nyuma kama anayeogopa marehemu atasikia. "Cha dereva, Netta. Wattie ndiye aliyekuwa akiendesha, na alikuwa amekunywa. Wangemnyang'anya leseni, kazi ya basi la shule ingepotea, nyinyi mngekula nini? Murdo alisema yeye ana redio, na redioni hakuna anayeona mikono. Akatuapisha sote."

Netta aliongeza mwendo. Alikuwa na hasira na Eck, na Murdo, na zaidi na yule waliyemwacha juu kule, aliyemwacha amchukie mtu asiye na kosa huku mkate wa mezani ukitoka kwenye lawama aliyoibeba mtu huyohuyo. Na chini ya hasira kulikuwa na aibu, na aibu ndiyo iliyokuwa nzito.

Hotelini, walikoalikwa waombolezaji baada ya mazishi, kulikuwa na pai ya nyama, chai na wiski kidogo. Murdo alisimama dirishani peke yake, mkono umerudi mfukoni. Watu walimwacha nafasi kubwa. Yule wa gazeti alimjia Netta na kalamu.

"Pole sana, Bi Geddes. Watu wanasema Bwana Kinnear amemwangusha mumeo mara mbili, mara moja mtoni na leo kaburini. Wewe unasemaje?"

Murdo alisikia. Alimtazama Netta kutoka dirishani, akatikisa kichwa.

"Liache, Netta," alisema.

Maneno yaleyale ya Wattie. Pengine bila hayo angeliacha. Netta aliweka kikombe chini.

"Lori aliliendesha mume wangu," alisema kwa sauti iliyofika jikoni. "Alikuwa amelewa. Huyu alimtoa majini, akapoteza mkono na cheo chake, akanyamaza ili sisi tule. Andika hivyo."

Wanaume walibaki na pai midomoni. Murdo alifumba macho.

Gazeti liliandika. Na Balfinnan ikasoma, ikaitafakari kwa kina, ikatoa hukumu yake dukani kwa muuza mikate: wamepanga. Mbona imesemwa siku nne kabla ya kura? Mbona mjane kaishika kamba pamoja naye? Jumamosi zote zile alikuwa akimfuata Wattie, au akimfuata mkewe? Dalili ya mvua ni mawingu, jamani. Murdo alishindwa uchaguzi vibaya kuliko mtu yeyote alivyotabiri, na Netta akiingia dukani mazungumzo yalikatika, watu wakaanza kuzungumzia mvua.

Jumamosi iliyofuata Murdo alibisha hodi.

"Umenimaliza, Netta."

"Najua. Ingia, chai ipo."

"Watasema."

"Waseme." Netta alinyoosha mkono kumsalimia. Murdo akampa wa kushoto. Netta hakuupokea, akangoja mpaka ule mwingine ulipotoka mfukoni, hauna glovu, akaushika kwa mikono yake miwili, palepale kizingitini, ambapo mtaa mzima ungeweza kuona. Kisha wakaingia ndani, na mlango akauacha wazi.