Nyambizi Tatu Uani Chumbageni

Mdogo wangu alinishinda kwa chuma, na chuma nilimfundisha mimi. Afadhali niliseme hilo kwanza.

Nyambizi yenyewe niliikuta kabla yake. Ilikuwa miaka ile ya dhiki, sabuni inapangiwa foleni na vijiti vya kuchomelea havipatikani ila kwa kujuana. Tajiri mmoja wa Chumbageni, Mwislamu wa asili ya Kihindi mwenye duka la vyuma, alipata kibali cha kutoa chuma chakavu kwenye matope ya ghuba, akatuchukua mafundi sita. Siku ya tatu, maji yalipokupwa, tukakuta kitu kama pipa refu lililobinywa ncha zote mbili, chaza wameganda kote. Tulipokibandua tope tukaona mfuniko juu na pangaboi nyuma. Kilikuwa chombo cha mtu mmoja cha kwendea chini ya maji. Wengine walisema cha Wajerumani, wengine cha Waingereza, na hakuna aliyekuwa na hakika. Mimi ndiye niliyelala kifudifudi kwenye matope nikapitisha mnyororo chini ya tumbo lake. Mimi ndiye niliyeufungua mfuniko. Ndani mlikuwa na giza na harufu nzito. Sikuingia. Niliogopa, nikasingizia mabega yangu kuwa mapana.

Tajiri hakukubali ikatwe. Aliiweka uani nyuma ya duka, juu ya magogo, na kila baada ya mvua aliipaka oili chafu kwa mkono wake.

Katika miaka hiyo nilimchukua mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, nikamfundisha kazi nyumbani Nguvumali. Nilimfundisha kushika kijiti, kuusikiliza moto, kujua chuma kilipoiva na kilipoungua. Alishika haraka. Nilimsifu mbele za watu, na sifa hizo zilikuwa za kweli maadamu alikuwa bado nyuma yangu.

Ikaingia enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa, mabati mapya yakateremshwa bandarini, na wageni wa kizungu wakaanza kuonekana mjini na mikoba mgongoni. Tajiri akajenga hoteli ndogo ufukweni, kisha akatuita sisi wawili uani kwake.

"Nataka nyambizi mbili mpya, mfano wa hii," alisema. "Mgeni aingie, maji yamfunike kidogo, atoke akicheka. Kila mtu atengeneze yake. Itakayofanana nayo zaidi itakaa kwangu, na aliyeitengeneza atasimamia karakana yote ya hoteli. Ya pili itakwenda kwa ndugu yangu Mombasa."

Nilitoka pale najiona nimekwisha kushinda. Nani aliijua kuliko mimi? Nilichukua vipimo vyangu kwa futikamba asubuhi moja, nikaanza kazi. Mdogo wangu yeye alikwenda uani siku nne mfululizo bila kugusa kifaa. Siku ya nne nilimfuata, nikamkuta miguu yake tu imetokeza kwenye mfuniko.

"Umelala?" nikamwuliza.

"Njoo uone, kaka," sauti yake ilitoka ndani kama ya mtu aliye kisimani. "Ule uvimbe wa ubavu wa kushoto si pigo. Waliutengeneza makusudi. Ni nafasi ya kiwiko. Mtu akizungusha mkono wa pangaboi bila nafasi hii, kiwiko kinagonga."

Mimi ule uvimbe nilikuwa nimekwisha kuunyoosha kwenye yangu. Nilidhani ni alama ya ajali. Nikamwambia nina haraka, nikaondoka.

Siku ya kulinganisha, zote tatu zilipangwa uani, ile ya zamani katikati. Yangu ilinyooka, imepakwa rangi, viungo laini hata ukucha haukwami. Ya mdogo wangu ilikuwa na uvimbe wake, na pale ambapo ile ya kale ilikuwa na ribiti, vile vichwa vya misumari ya kuungia mabamba, yeye aliweka matone ya kuchomelea, moja moja, mamia, hata ile ribiti moja iliyokaa upande hakuiacha. Tajiri alifumba macho, akapitisha kiganja kwenye ile ya zamani, kisha kwenye ya mdogo wangu, kisha kwenye yangu. Akarudi tena kwenye ya mdogo wangu.

"Yako nzuri, fundi," aliniambia. "Lakini umetengeneza tangi. Huyu ameitengeneza hii."

Mdogo wangu aliinamisha kichwa kwa adabu. Ile adabu ndiyo iliyonichoma.

Majaribio ya majini yalipangwa kesho yake. Alasiri hiyo, yeye alipokwenda kuswali, nilizunguka chombo chake nikitafuta kasoro, na nikaipata. Chini ya tumbo, kwenye kiungo kimoja, takataka ya moto, lile ganda linalobaki juu ya chuma baada ya kuchomelea, ilikuwa imefunika ufa wa shibiri nzima. Kwa juu palionekana pameziba. Nikaweka ukucha, ukazama. Alipotoka msikitini akaniuliza, "Unaonaje, kaka?" Nikamjibu, "Iko sawa."

Asubuhi aliingia ndani, akafungiwa mfuniko, vijana wakamsukuma majini, wakaitwisha viroba vya mchanga vya kuizamisha hadi maji yakaifunika. Alikuwa na kamba ya kuvuta akipata shida. Nilisimama maji kifuani, nikiitazama ile kamba. Haikutikisika. Kisha nikaona mapovu yakipanda, mstari mzima.

"Vuteni!" nikapiga kelele. "Vuteni, itazama naye!"

Walipomfungua, maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alitapika, akakohoa, akakaa mchangani.

"Kamba ilinasa kwenye kiti," alisema. Kisha akanitazama. "Umejuaje, kaka?"

Ningeweza kusema mapovu. Kila mtu pale aliamini ni mapovu.

"Niliuona ufa jana alasiri," nikasema.

Tajiri aliuliza, "Jana?" Mdogo wangu alisimama, maji yakimchuruzika.

"Nionyeshe ulipo," akasema.

Tukaigeuza. Nikamwonyesha. Akaikwangua takataka, akachomelea upya mwenyewe, mimi nikimshikia bamba.

Karakana alipewa yeye, kwa haki. Yangu ilipelekwa Mombasa, ambako hakuna aliyeiona ile ya kwanza, na nasikia waliipenda. Nilingoja amwambie mama. Kila nilipokwenda kumpa shikamoo nilimchungulia macho nione kama anajua. Mama hakuwahi kujua. Ningefarijika kama mdogo wangu angenisema, ningepata la kumlaumu. Hata katika kunistahi alinipita.

Miaka michache baadaye nilimtembelea hotelini. Wageni walikuwa wanaizunguka nyambizi yake, wanagusa zile ribiti za uongo. Mmoja akauliza kwa Kiswahili cha kujifunza ni nani aliyeitengeneza.

"Mimi na kaka yangu huyu," mdogo wangu akajibu, akanishika bega.

Yule mgeni akanipa mkono. Nikaupokea, nikatabasamu, na moyoni nikamchukia mdogo wangu kwa muda wa kutosha kunywa chai. Nyambizi ile aliitengeneza peke yake.